Mwambieni Mkwe Akohoe Mara Mbili

Mbale, 4 Februari 1997

Mdogo wangu Yosamu,

Nakusalimu wewe, nakusalimu mkeo Federesi, na wote walioamka salama hapo Kalungu. Huku tuko wazima. Mvua haijadondoka tangu Krismasi, mlima umejificha nyuma ya vumbi, na kuku wangu wawili wameibwa, mmoja akiwa ameatamia, jambo ambalo nimelihesabu kuwa ni dharau. Mjukuu wangu wa Tororo amejifungua mtoto wa kiume. Wamempa jina la marehemu mume wangu, na kama marehemu mwenyewe, analia akibebwa na analia akiwekwa chini.

Nimesikia binti yako Robinah amepata mchumba na mwaka huu mtafanya kwanjula, wakwe waje nyumbani wajitambulishe. Nimesikia wapi? Sokoni, kwa mwanamke anayeuza ndizi! Yosamu, mimi ndiye senga wa yule mtoto. Bila shangazi hakuna mkwe anayekanyaga ua wako. Senga hapashwi habari juu ya mkungu wa ndizi. Nimekusamehe kwa sababu nakijua kichwa chako tangu ulipoanza kutembea.

Kuhusu afya, mimi ni mzima mno. Magoti yanalalamika asubuhi, lakini sijawahi kuyasikiliza. Macho hayana neno. Nashona magauni ya gomesi kama zamani. Ila nimeambiwa eti wewe una sukari. Imetoka wapi? Kwenye ukoo wetu hakuna sukari. Acha kuiga mambo ya watu wa mjini.

Dada yako,
Eseza

(Mwandishi wa barua hii, aliyeapa mahakamani kwa miaka thelathini kuandika kweli tupu, anaomba iingie kwenye kumbukumbu kwamba jana asubuhi mama huyu aligombeza gunia la mkaa kwa dakika tano kwa kuwa halikumwamkia. Gomesi ya mwisho aliyoshona ni ya mwaka juzi. Ilikuwa na mikono miwili, yote ya kushoto. – W.)


Kalungu, 1 Machi 1997

Dada Eseza,

Salamu zako zimefika baada ya wiki tatu, nadhani zilikuja kwa miguu. Sisi tuko vizuri. Kahawa imechanua, shamba lote jeupe. Federesi mgongo wake umepona, ndiyo maana sasa ananifuata kila niendako.

Hiyo sukari sikuitafuta, ni daktari aliyenipa. Federesi amelifungia kopo la sukari sandukuni na ufunguo ameufunga kiunoni kama askari jela. Chai nakunywa kavu. Nikiinywa namkumbuka baba, aliyetia vijiko vitano kikombe kimoja, akafa na miaka tisini, tena kwa kuanguka kutoka juu ya paa alilokuwa akiliezeka. Nina kidonda kidogo kwenye kidole cha mguu, cha mwiba tu. Usianze kuniombea kanisani.

Sasa maneno yenyewe. Kwanjula ni Jumamosi, tarehe 16 Agosti. Kijana anaitwa Lutaaya, anafundisha hesabu, mrefu, mpole, anacheka nikifanya mzaha, kwa hiyo ana akili. Kazi yako unaijua: wakwe watamficha katikati ya wenzao, na wewe utatoka na ua, utapita mbele yao, utamchagua na kumbandika kifuani. Ukimkosea watatucheka hadi wajukuu.

Nina maswali mawili. Mwandiko wako zamani ulikuwa kama kuku aliyekimbizwa juu ya majivu. Barua hii imenyooka kama hukumu. Na je, huyu bwana aliye ndani ya mabano ni nani?

Mdogo wako,
Yosamu


Mbale, 6 Aprili 1997

Mdogo wangu Yosamu,

Salamu kwenu nyote. Mvua imeanza. Paa linavuja mahali palepale, juu ya kitanda, kana kwamba lina hasira nami.

Barua yako imenigombanisha na watu. Nilikuwa nimeketi hapa nasomewa. Anasoma vizuri, kwa sauti, anafika kwenye "na je, huyu bwana", ananyamaza.

Nikamwambia, "Endelea."

"Hapa maandishi yamefifia, mama."

"Yamefifiaje na ameandika kwa kalamu ya wino?"

"Wino nao huzeeka."

Nikamwambia, "Bwana Wamono, soma." Akasoma. Nikajua nina jasusi chini ya paa langu linalovuja.

Ndiyo, siandiki mwenyewe. Mkono unatetemeka, ndiyo sababu. Huyu ni Bwana Wamono, jirani, mjane, Mgisu wa hapa hapa, alikuwa karani wa mahakama. Ana miaka sabini na minne na pumu inayopiga filimbi. Nilimfukuza siku ile ile. Nikamchukua mwalimu wa kwaya. Huyo nikimwambia "andika kuku wameibwa" anaandika "Bwana ametoa, Bwana ametwaa." Wiki mbili nikachoka, nikamrudisha Wamono kwa sharti moja: hakuna mabano.

Gunia lile lilikuwa limesimama mahali ambapo huwa anasimama mke wa mchungaji, na wote wawili ni wanene. Mtu yeyote angekosea.

Mwonyeshe daktari kidonda chako. Nawe nijibu upesi, habari za kwanjula nizipate kwako, si sokoni.

Dada yako,
Eseza

Hakuna mabano hapa, kama tulivyokubaliana. Mkono wake hautetemeki hata kidogo. Jana alinipiga nao begani. – W.


8 Juni 1997

Dada,

Salamu. Samahani kwa kimya cha miezi miwili, kahawa imetushughulisha sana. Uchumaji mwaka huu ni wa ajabu, hata usiku hatulali. Wote wazima. Robinah anakusalimu. Nitaandika kwa kirefu nikipata nafasi.

Yosamu


Mbale, 21 Juni 1997

Yosamu,

Sikusalimu. Nitakusalimu mwishoni ukistahili.

Bwana Wamono alinisomea barua yako mara mbili, maana ilikuwa fupi mno na mimi nilidhani amelala katikati. Kisha akasema, "Mama, huku nyuma pamechapwa." Nikamwambia ageuze.

Ulijua kwamba karatasi ina upande wa pili? Upande wa pili wa mavuno yako ya kahawa umeandikwa: Wodi ya wanaume, kitanda namba 14. Mgonjwa asipewe: sukari, asali, mua, ndizi mbivu, soda, keki. Na chini, kwa kalamu nyekundu, mtu ameongeza: "Hata akilia."

Kitanda namba 14, Yosamu. Kahawa inachumwa kitandani siku hizi?

Mimi niliyekubeba mgongoni kuvuka kinamasi, ukanikojolea, nikafika shule nikanuka mbele ya darasa zima na sikusema ni nani. Mimi ndiye wa kudanganywa kwa karatasi ya hospitali? Tangu juzi sili. Kila nikishika kijiko nakuona umelala huko na ukuta mweupe, hujui la kufanya na mikono yako. Sema kweli. Wamekukata nini?

Nakusalimu sasa, kwa sababu nimelia na hasira imepungua.

Eseza

Anakula. Lakini ni kweli amelia. Na kwa kuwa tumefika kwenye mambo ya karatasi: mama huyu anayo kadi ya kliniki ya macho ya mwaka jana, imekunjwa mara nne, imewekwa chini ya mguu wa meza ili meza isiyumbe. Tarehe aliyopewa ilishapita. Meza kwa kweli haiyumbi. – W.


Kalungu, 10 Julai 1997

Dada yangu Eseza,

Nakusalimu kwa magoti yote mawili, hayo bado ninayo.

Walikata vidole viwili, mguu wa kushoto, tarehe 14 Mei. Kile kidonda hakikuwa cha mwiba. Nilikitibu kwa majani, kisha kwa mafuta ya taa, kisha kwa kutokitazama. Kilipokuwa cheusi Federesi alinipakia kwenye gari la kahawa. Kwa hiyo kahawa haikuwa uongo mtupu, nilikaa juu ya magunia yake.

Sikukuandikia kwa aibu. Niliona wakwe wanakuja kutafuta mke kwa mzee aliyeanza kupunguzwa kipande kipande. Siku nne sikumjibu mtu. Federesi alileta uji, nikageukia ukuta. Nilisema moyoni, wameanza na vidole, watapanda.

Kitanda namba 15 alilala mtu mmoja anaitwa Kalanzi, fundi baiskeli, hana mguu wa kulia kuanzia gotini, ni sukari hiyohiyo. Siku ya tano akaniambia, "Mzee, unavaa kiatu namba ngapi?"

Nikasema, "Nane."

"Mimi pia. Mimi nanunua jozi, cha kulia nakitupa. Siku wakikuchukua wa kushoto, nitafute, tutanunua jozi moja wawili."

Eseza, nilicheka hadi nesi akaja mbio akidhani nakufa. Nilimwambia Kalanzi ana roho mbaya, akasema roho haijakatwa. Baada ya hapo niligeuka nikaukabidhi ukuta mgongo. Ni yeye aliyenifundisha kutembea na mkongojo, kuosha mguu kila jioni na kuukagua kwa kioo kama msichana anayekwenda dansi. Na yule aliyeandika "hata akilia" ni nesi mkuu. Nililia kweli, ilikuwa siku ya keki ya mtu wa kitanda cha tisa.

Sasa niko nyumbani. Nimesema yangu yote. Lako ni lipi? Bwana Wamono ametaja kadi. Apa kwa kaburi la mama kwamba unaona.

Yosamu


Mbale, 27 Julai 1997

Mdogo wangu,

Salamu nyingi, na kwa Bwana Kalanzi pia ukimwona. Mtu wa namna hiyo angekuwa jirani yangu badala ya huyu.

Kwa kaburi la mama siapi, maana mama hakupenda viapo. Nitakuambia hivi: jicho la kushoto limestaafu. La kulia linafanya kazi za wawili, na kama mfanyakazi yeyote wa namna hiyo, linachoka mapema. Naona mwanga. Naona mtu amesimama, ila sijui ni nani mpaka aseme. Daktari aliita mtoto wa jicho, akataka kisu. Nikasema mtoto akikomaa atatoka mwenyewe.

Kisu sitaki. Nimeshona miaka arobaini, najua mkono wa fundi unavyoweza kuteleza hata kwenye kitambaa. Tusilijadili tena.

La kwanjula nimelitafutia njia. Masikio yangu ni mazima. Mwambieni mkwe akohoe mara mbili. Nikipita mbele yake, "khu, khu," basi. Nitamgeukia, nitambandika ua, vigelegele, kwisha. Asiambiwe mtu mwingine yeyote. Robinah akijua atalia, Federesi akijua Kalungu yote itajua.

Nitakuja na Bwana Wamono, kwa kuwa njia ni ndefu na mtu wa kunishikia mkoba anahitajika. Nawaletea malewa, machipukizi ya mianzi, ya kupika na karanga. Hayana sukari, nimeuliza.

Eseza

Sikubaliani na mpango huu, na nimetakiwa niandike kwamba sikuulizwa. – W.


Kalungu, 24 Agosti 1997

Dada yangu Eseza,

Natumaini mlifika salama na magoti yamepoa. Huku bado tunaosha masufuria. Majirani wanaacha njia zao kupita hapa makusudi, wakinisalimia wanakohoa.

Nakuandikia yaliyotokea tarehe 16 ingawa ulikuwepo, kwa sababu najua hukuyaona. Bwana Wamono akusomee taratibu, na asiruke.

Wakwe walikuja watu sitini, kanzu nyeupe, makoti, vikapu hadi barabarani. Bwana Wamono alipokushusha kwa akina mama alitafuta kivuli, na kwa kuwa ni mgeni wa mila zetu na amevaa koti jeusi la heshima, vijana wa wakwe wakamdhania babu yao mmoja, wakamketisha kwao safu ya pili. Akashukuru, akaketi.

Msemaji wetu akaita, "Senga! Toka ututafutie mwizi aliyetuibia moyo wa binti!" Ukatoka. Dada, ulipendeza. Gomesi ya kijani, mshipi umekaa, kichwa juu. Ulitembea kama malkia, maana asiyeyaona mashimo hana sababu ya kuyaogopa. Wanawake nyuma yako wanaimba. Mimi mezani nahesabu hatua zako.

Ukafika kwa Lutaaya. Akakohoa mara moja. Kisha aibu ikamshika, watu wote wanamtazama, kikohozi cha pili kikamkwama. Ukasimama, umeinamisha sikio, unasubiri. Na ua ulikuwa umefagiwa asubuhi, vumbi bado liko hewani. Ndipo pumu ya Bwana Wamono ikaamka. "Khu, khu." Safi kabisa, kama mtu anayebisha hodi.

Ukageuka. Ukamkanyaga Lutaaya mguu, ukapita, ukafika safu ya pili, ukalibandika ua kwenye koti la Wamono, ukapaza sauti: "Huyu ndiye! Huyu ndiye mkwe wangu!"

Kisha tukamsikia yeye, polepole, "Mama Eseza, ni mimi."

Nawe, kwa sauti iliyofika barabarani: "Najua ni wewe! Nyamaza, mkwe hasemi!"

Hapo watu walianguka kutoka vitini kwa kicheko. Msemaji wao akasimama akasema, "Jamani, sisi tumeleta kijana wa miaka ishirini na tisa. Kama mnataka huyu mzee, sisi hatumjui, mchukueni bure!" Robinah nilimwona dirishani amejifunika uso kwa mapazia.

Nami nilicheka, sitakuficha. Kisha nikakuona. Mkono wako ulikuwa bado kifuani kwa Wamono, ukapanda, ukamgusa kidevu, ukagusa ndevu, ukakaa hapo. Uso wako ukabadilika. Nimekujua miaka sitini na minane, sijawahi kukuona umesimama hujui uende wapi.

Sikumbuki kuinuka. Mkongojo niliuacha. Kiatu cha kushoto, kile Federesi alichokijaza vitambaa, kilibaki chini ya meza. Nilivuka ua wote na soksi, nikichechemea, na kila mtu akaona tulichokuwa tukikificha miezi yote. Nikakushika mkono. Ukaninong'oneza, "Yosamu, nimeharibu?" Nikasema, "Sana. Twende." Nikakupeleka kwa Lutaaya, nikaweka kidole chako kwenye pua yake ili usipotee tena.

Kisha nikawaambia, "Wakwe, huyu ni dada yangu, haoni. Mimi ndugu yake, vidole havijatimia. Mkituunganisha mnapata mtu mmoja na kidogo. Binti yetu hana kasoro, ila ndiyo watu aliozaliwa nao. Mnamtaka au hamumtaki?" Lutaaya akasimama mbele ya wazee wake wote, akakohoa mara mbili kwa nguvu. Wewe ndiye uliyecheka kwanza. Kicheko chako nilikisikia kabla ya vigelegele.

Usiku wa siku ile ulinilaumu kwamba nilikutangaza kipofu mbele ya watu sitini. Nimefikiri, nimeona una haki, na ningefanya hivyo tena.

Sasa sikiliza. Siku ile ile ya kwanjula, wakati ninyi mnakula, Federesi alinikuta nyuma ya jiko na soda mbili na kipande cha keki, nimejificha nyuma ya kuni kama mwizi wa kuku. Hakunigombeza. Aliketi juu ya gogo akalia. Nimeona afadhali jela yake kuliko machozi yake. Basi tufanye mkataba. Mimi kuanzia leo sigusi tena kitu kitamu, na Federesi ndiye shahidi. Wewe nenda wakakutoe hicho kitu jichoni. Siku nitakayosikia umekwenda, nitaendelea kujizuia. Siku nitakayosikia umekataa, nitanunua mua mzima niutafune mbele ya kanisa.

Bwana Wamono auandike vizuri, kwa lugha ya mahakama.

Ndugu yako,
Yosamu


Mbale, 19 Oktoba 1997

Yosamu

Usicheke mwandiko. Ni wangu. Kuku amerudi kwenye majivu. Nimeandika kwa herufi kubwa na hii ni karatasi ya nne, kwa hiyo salamu ni hizi hizi, mgawane.

Nilikwenda. Tarehe 2. Jicho la kushoto kwanza, hilo lililostaafu. Meza ilikuwa baridi. Nilimwambia daktari, kijana, mimi ni fundi, ukiteleza nitajua. Akasema, mama, nami mama yangu ni fundi, nikiteleza atanipiga. Basi nikalala.

Nilikudanganya kuhusu kisu. Kisu sikukiogopa. Niliogopa wanifungue kisha waseme hakuna cha kufanya. Nikiwa sijaenda, niliweza kusema nitaona siku nikitaka. Nilikuwa naitunza hiyo siku kama wewe unavyotunza keki nyuma ya kuni. Sijawahi kumwambia mtu. Hata Wamono sikumwandikisha.

Asubuhi wakafungua bandeji. Kitu cha kwanza nilichokiona duniani ni kifungo cha gauni la nesi. Gauni jeupe, kifungo kimeshonwa kwa uzi wa kijani! Nikamwambia avue nikishone. Akaenda kumwita daktari, akisema mgonjwa amechanganyikiwa. Daktari akasema hapana, huyu amepona.

Nyumbani niliona utando wa buibui wa miaka mitatu. Niliona kwamba mapazia niliyodhani ni ya bluu ni ya kijivu, na majirani wote walijua na hakuna aliyesema. Kisha nikapita mbele ya kioo, nikamwona mama. Nikapiga magoti, nikamwamkia, kabla sijajua ni mimi. Yosamu, nimezeeka vizuri. Nilikaa pale chini nikimtazama kwa muda mrefu, kwanza kwa furaha, kisha kwa sababu magoti yalikataa kuinuka, ikabidi niite mtu.

Jicho la kulia watalifanya Januari. Daktari amesema hilo huenda lisirudi lote, limechakaa kwa kazi za wawili. Nimesema sawa. Litakalorudi tutalipokea.

Nawe niambie kweli, siyo kwa nyuma ya karatasi. Mguu ukoje? Wiki ngapi sasa bila utamu? Federesi akiandika "hata akilia" nitamwamini kuliko wewe.

Bwana Wamono amekosa kazi. Tangu nianze kuandika barua hii ameketi pale mlangoni na kalamu yake mfukoni, anapiga filimbi kwa kifua, ananiuliza kila saa kama nimekwama neno. Sikwami. Amesema basi anayo barua yake mwenyewe anayotaka kukuandikia wewe, ndugu yangu mwanamume, ya mambo rasmi, na kwamba atavaa lile koti jeusi. Nimemwambia hiyo isubiri jicho la pili, nisije nikaamua kwa ushahidi nusu. Lakini nimempa kisu na mkungu wa ndizi za kupika, nikamwambia akae amenye.

Anamenya vibaya mno, Yosamu. Nusu ya ndizi inakwenda na maganda. Miaka yote hii alikuwa akila hapa nami sikujua kwamba hata kumenya hajui.

Mie,
Eseza